Bukavu, milango ya vioo inayotazama ziwa

Juma hili tunatembea Bukavu, ila hatutazami ziwa. Tunatazama milango.

Anayefika kwa mashua kutoka Goma anaona mji umeshuka mpaka majini. Peninsula tano zinaingia katika Ziwa Kivu kama vidole vya mkono, na ng'ambo ni Rwanda. Ukitoka barabara ya Patrice Lumumba ukashuka kuelekea Muhumba au Nguba, unakutana na nyumba za tangu wakati wa Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Costermansville. Nyumba za namna hiyo zinapenda kuwa na barza. Jioni watu walikaa pale wakatazama maji, baridi ikianza wakarudi ndani na kufunga mlango wa mbao. Ni mlango mzito, wenye bawaba za chuma, na mwizi akitaka kuuvunja atawaamsha majirani kwanza.

Sasa tazama nyumba mpya zilizopanda kwenye miteremko. Barza imeingizwa saluni. Upande wa ziwa hakuna ukuta tena, kuna mlango wa vioo wa kusukuma, ule mafundi wanaouita kulisanti, wenye fremu za aluminiamu. Mchana unafunguliwa wote, upepo wa ziwa unapita hadi jikoni. Mimi naupenda, sitadanganya. Anayepangisha nyumba Bukavu anajua kwamba ziwa ndilo linalopandisha bei.

Lakini zunguka nyumba hiyo hiyo usiku. Mbele, upande wa barabara, kuna ukuta mrefu, vipande vya chupa juu yake, lango la chuma, kadenasi kubwa, na zamu amekaa na tochi yake. Nyuma, upande wa ziwa, ukuta ni mfupi kwa sababu mrefu ungeficha maji. Na kwa kuwa mji wetu ni wa miteremko, kiwanja cha jirani wa juu kinaweza kuwa sawa na kimo cha teresi yako. Mtu anashuka tu. Tunalipa zamu alinde lango, na saluni inalindwa na rido.

Na huo mlango unafunguka vipi? Hauna bawaba. Umesimama juu ya reli kwa magurudumu madogo, na juu umeingia katika mfereji. Ili fundi aweze kuupachika, lazima aunyanyue kidogo, basi anaacha nafasi juu. Nafasi hiyo iliyomsaidia fundi kuuingiza ndiyo inayomsaidia mwizi kuutoa. Anaunyanyua, anavuta upande wa chini, bawa zima linatoka mikononi mwake. Kioo hakijavunjika, mbwa hajabweka. Kufuli nayo ni ndoano ndogo tu inayoshika ukingo wa fremu. Ikilegea kwa miaka, mlango ukitikiswa kwa nguvu inaachia.

Jioni ya leo, mama, funga mlango wako, simama ndani, shika fremu kwa mikono miwili na uunyanyue. Usiutikise kwa woga, unyanyue kweli. Ukipanda mpaka upande wa chini ukakaribia kuachana na reli, una kazi ya kufanya kesho. Milango mingi ina visi vidogo chini, pembeni, vya kurekebisha magurudumu; fundi akivigusa kwa turnevisi bawa linapanda na nafasi ya juu inapungua. Ikiwa haitoshi, anafunga visi viwili au vitatu ndani ya mfereji wa juu na kuacha vichwa vyake vimetokeza. Bawa linapita chini yake bila kugusa, lakini halinyanyuki tena.

Halafu kuna kijiti. Wamama wengi tayari wanaweka mti wa ufagio kwenye reli, na ni jambo zuri, ila tuelewane hapa. Milango mingi ya kwetu ina mabawa mawili yanayotembea, kila moja kwenye reli yake. Kijiti kilicho kwenye reli ya ndani kinazuia bawa la ndani tu. La nje linaweza kwenda zake upande mwingine huku wewe umelala ukiamini kijiti chako. Njia ya kuyashika yote mawili ni pini. Mabawa yakiwa yamefungwa, fremu zake zinapandana katikati. Fundi anatoboa fremu ya ndani na kuingia kidogo katika ile ya nje, bila kuipasua mpaka upande wa pili, na bila kukaribia kioo. Tundu linainama kidogo kuelekea chini, ili pini isidondoke mlango ukitikiswa. Pini yenyewe inaweza kuwa msumari mnene uliokatwa ncha. Ikiwa ndani, hakuna bawa linalotembea.

Kijiti kisitupwe, kinasaidia pini. Lakini kikatwe kwa kipimo. Kikiwa kifupi kwa sentimita kumi, mwizi ana nafasi ya kuingiza mkono na kukiondoa.

Kuna watakaosema, jiwe moja linamaliza habari yote. Ni kweli kioo kinavunjika. Ila mwizi wa usiku anaogopa kelele kuliko kadenasi, na kioo kinapiga kelele. Anayejenga sasa amuulize muuzaji aina ya kioo. Cha kawaida kinakatika vipande virefu kama visu, hatari hata kwa mtoto anayekimbia ndani ya nyumba. Kile wanachokiita sekiriti kinasambaratika kuwa punje ndogo. Cha tabaka mbili zilizogandishwa na plastiki katikati kinapasuka lakini kinabaki mahali pake, na ndicho ningekichagua kwa upande wa ziwa kama mfuko ungeruhusu.

Wengine wanakata shauri la haraka, wanamwita fundi wa chuma achomelee antivole mbele ya mlango wote. Hapo nasimama. Panda Kadutu, uone nyumba zilivyobanana kwenye mlima, nyaya za umeme juu ya mabati, mishumaa na makala ndani. Moto Bukavu si hadithi. Antivole isiyofunguka ni kizimba, na walio ndani yake ni watoto wako. Ikiwa lazima uweke chuma, kiwe na sehemu inayofunguka kutoka ndani, na ufunguo utundikwe mahali ambapo mkono wa mtu wa nje haufiki lakini kila mtu wa nyumba anapajua hata gizani. Usiwe kwenye mkoba wa baba aliyesafiri Uvira.

Kwa sababu hiyo hiyo napenda pini na kijiti: vinatoka kwa mkono, bila ufunguo. Kijiti kifungwe kamba nyekundu upande mmoja, mtu akivuta kinatoka. Pini iwe na kamba fupi iliyofungwa kwenye fremu isipotee chini ya viti. Mfundishe mtoto aliyekwisha kufika kimo cha pini, mfundishe na dada wa kazi, na bibi aliyekuja kutoka kijijini ajaribu mwenyewe. Wajaribu taa zikiwa zimezimwa.

Na tuseme ukweli wa mji wetu. Kijiti hakimzuii mtu mwenye bunduki. Usiku wa namna hiyo mlango unatupatia dakika chache tu, na dakika hizo ni za kuwakusanya watoto mbali na vioo na kupiga sufuria mpaka mtaa mzima uamke na kuitikia. Kwa hiyo sufuria na kijiko kizito vikae chumba cha kulala. Hata filimbi inafaa.

Mama anayepanga asitoboe kitu kabla ya kuongea na mwenye nyumba. Aliye mwerevu atakubali, hata atalipa fundi, kwa kuwa mlango ni wake. Akikataa, kijiti hakihitaji ruhusa yake. Na kabla ya kukiweka, pitisha ufagio kwenye reli: mchanga na makombo ya mkate yakijaa mle, magurudumu yanapanda juu yake na ndoano haishiki. Vitundu vidogo vya reli upande wa nje ni vya kutoa maji ya mvua. Fundi akitaka kuviziba kwa silikoni, mkataze.