Tawakali na maji ya sabuni

Majira ya baridi yaliyopita, sisi tuishio Marekani tulisafiri kwa gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na chombo cha kupashia joto. Tangi lake la gesi ya propeni hufungwa chini ya gari. Likiisha, hapana budi gari lote liende kujazwa. Kwa kuwa tulikusudia kukaa juma zima mahali pamoja, tulinunua mpira na kiungio cha njia tatu ili tutumie mtungi wa nje, wa kilo 9.

Kiungio hicho hukaa baina ya tangi na regyuleta, kwani gesi ya mtungini ina mgandamizo mkubwa unaopasa kupunguzwa kabla ya kufika jikoni. Tulifunga valvu ya tangi, tukakaza nati, tukausimamisha mtungi wima nje, kisha tukaufungua. Giza lilikuwa likiingia na watoto wakitetemeka. Baba akasema, "Bismillahi, tuwashe."

Mama akakataa. Alipaka maji ya sabuni kila kiungio, na kimoja kikatoa mapovu. Propeni ni nzito kuliko hewa. Ingejikusanya chini, karibu na walipolala watoto, ikingoja cheche. Tulifunga mtungi, tukakaza upya, tukapaka tena hata mapovu yakakoma.

Bismillahi ile ilikuwa ya haki. Haraka yetu ndiyo iliyokosea. Enyi wazazi wenzetu, mtungi wa jikoni kwenu nao wahitaji sabuni hiyohiyo. Mkono ukishatimiza wajibu wake, ndipo tawakali ifuate.