Ruckus, patashika na vurugu za Tarime

Wenzangu wa chumba cha habari wamependa neno moja la Kiingereza cha mtaani: ruckus. Kamusi zinasema lilizaliwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, huenda kwa kuunganisha ruction na rumpus, ambayo nayo ni ya fujo. Ni zogo lenye kelele nyingi lakini halimalizi mtu. Walevi wakigombania bili baa, hiyo ni ruckus.

Kiswahili hakijapungukiwa, jamani. Tuna varangati, kizaazaa, tafrani, timbwili, kasheshe. Mimi nachagua patashika. Kule vijiji vya wilaya ya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, tembo wakiingia kwenye mahindi usiku, watu hutoka na madebe, tochi na mayowe kuwafukuza. Hiyo ni patashika kamili.

Shida yangu ni vurugu. Neno hili linabeba kelele za darasani, na linabeba maiti pia. Likifika Tarime ndiyo basi, linabeba kila kitu. Koo zikipigania mpaka wa ardhi: vurugu. Ng'ombe wakiibwa na watu wakikatana mapanga: vurugu. Tarehe 16 Mei 2011 watu waliingia kwa wingi kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, kule Nyamongo, kutafuta mawe yenye dhahabu. Polisi wakafyatua risasi, na watu wasiopungua watano wakafa. Nazo tukaziita vurugu.

Angalia neno linavyofanya kazi. Vurugu "huzuka", kama upele. Hazina mtendaji. Nani alipiga, nani alipigwa, walikuwa wakigombea nini? Sentensi inafika kwenye nukta bila kujibu hata moja, na msomaji wa Dar anafunua ukurasa wa michezo akijisemea, ah, Wakurya hao.

Kumbe Wakurya wenyewe hawaridhiki na jibu la hivyo. Ng'ombe wakichukuliwa usiku hupigwa yowe, anayelisikia hulipokea na kulipeleka mbele, na wanaume hufuata kwato. Sikio la mgeni litasikia fujo tu, lakini yowe ni taarifa: kuna wizi, umetokea upande ule, njooni. Baadaye hukaa ritongo, mkutano wa jamii, na maswali hayakwepeki. Nani kaonekana? Nyayo zimeishia kwa nani? (Silipambi ritongo, adhabu zake zimewahi kuwa kali mno.) Lakini kwa kuuliza maswali limetuzidi sisi tuliosomea kuuliza.

Sasa nikipokea habari kutoka kanda ile, kila penye "vurugu" nampigia simu aliyeiandika. Nani kafanya nini, na waliokufa wanaitwa nani? Mara nyingi majina anayo kwenye daftari. Hakuyatuma kwa sababu alidhani hatuna nafasi.