Mgeni Hamenyi Ndizi: Lugha ya Mwaliko wa Harusi katika Vijiji vya Kayanga

1. Utangulizi

Kitenzi alika hakimsumbui sana mtunga kamusi. Maana yake huelezwa kwa maneno machache: kumwita mtu aje kwenye shughuli, hasa karamu. Kisarufi nacho ni kitenzi cha kawaida. Kina mtenda na mtendwa, na hunyambulika kuwa alikwa na alikana bila taabu yoyote. Hata hivyo, kitenzi hiki kikitolewa katika kurasa za kamusi na kupelekwa mlangoni pa jirani, mambo hubadilika. Hapo swali la msingi si nani aalikwe, bali ni nani hapaswi kualikwa, na kwa nini kumwalika mtu huyo ni kumkosea.

Insha hii inakusudia kulijadili suala hilo kwa kutazama harusi moja iliyofanyika katika kibanja cha mkulima mmoja, mwendo usio mrefu kutoka mji wa Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe. Majina ya wahusika yameachwa kwa makusudi. Kibanja, kwa watu wa Kagera, ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Ni chakula, ni fedha, ni makaburi ya wazee, na ni ukumbi wa harusi pia.

Wenyeji wa Karagwe, pamoja na eneo lililomegwa mwaka 2012 kuwa Wilaya ya Kyerwa, ni Wanyambo. Lugha yao, Runyambo, iliwekwa na Guthrie katika kundi E, pamoja na Kihaya na Kizinza, na sarufi yake imeelezwa kwa kina na Rugemalira katika kitabu kilichochapishwa mwaka 2005 chini ya mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sarufi hutueleza tungo zinavyojengwa. Jinsi tungo hizo zinavyotumiwa watu wawili wanapoketi uani jioni ni suala jingine, na ndilo linalotuhusu hapa.

2. Mgeni na Mwenyeji

Mzizi -geni umeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Katika Kiswahili humtaja mtu aliyetoka kwingine, na pia hutaja jambo lisilozoeleka. Neno mwenyeji, kwa upande wake, laweza kufumuliwa kuwa mwenye mji. Kwa hiyo mgeni si mtu aliyefika tu. Ni mtu asiyekuwa na mji mahali hapo. Heshima anayopewa hutokana na upungufu huo. Huketishwa, hulishwa, husindikizwa, na hakuna anayemtuma kuni.

Historia ya Karagwe ina mfano unaojulikana. Mnamo Novemba 1861 Mukama Rumanyika aliwapokea Waingereza wawili, Speke na Grant. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant, aliyekuwa akiugua mguu, alibaki hapo miezi kadhaa akitunzwa. Alikaa muda mrefu, lakini ukaazi haukumfanya kuwa mwenyeji. Alikuwa mgeni aliyekawia.

Methali ya Kiswahili inayotaka mgeni apewe jembe siku ya tatu inafahamika kwa kila mwanafunzi. Aghalabu hufasiriwa kuwa ni onyo kwa wageni wavivu. Lakini yumkini ina maana nyingine iliyo ya ndani zaidi: jembe ndilo linalomwondolea mtu ugeni. Anayeshika jembe amekwisha kuingizwa katika mji. Vivyo hivyo, katika vijiji vya Kayanga, anayeshika kisu usiku wa kumenya ndizi za harusi amekwisha kutambuliwa kuwa ni mmoja wa wenye shughuli.

3. Mwaliko wa Miguu

Mzee ambaye harusi yake inazungumziwa hapa alikuwa akimwoza mwanawe wa mwisho, kijana aliyefanya kazi mjini Mwanza. Siku iliwekwa kiangazi, kahawa ikiwa imekwisha kuuzwa. Kwa upande wake yeye, orodha ya kualika haikuwa ndefu. Shangazi wa bwana harusi ilibidi afuatwe kwake na mtu wa damu, tena aliyevaa vizuri, na aulizwe kwanza kama siku hiyo inamfaa. Wajomba nao walifuatwa. Wakwe waliambiwa kwa njia ya mshenga, kwani maneno baina ya wakwe hayapiti njia fupi.

Majirani hawakuwamo katika orodha hiyo. Hilo halikuwa sahau. Majirani walijua harusi ipo kwa sababu wao wenyewe walikuwa wakiitengeneza. Ndizi za pombe zilipotiwa shimoni ziive, vijana wa nyumba za jirani ndio waliochimba shimo. Zilipotolewa na kukanyagwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, miguu iliyokanyaga ilikuwa yao, na mtama uliokaangwa ili kuichachusha rubisi ulitoka katika nyumba zaidi ya moja. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anakaribishwa kwenye harusi kungekuwa sawa na kumwambia kwamba anakaribishwa nyumbani kwake.

Desturi hii haina maana kwamba kila jirani huja kwa hiari ya moyo wake. Kutokuja kuna gharama. Asiyeonekana wakati wa kumenya ndizi ataulizwa, na asipokuwa na sababu, naye siku yake ikifika ataona uani pake peupe. Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alieleza wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Usiku wa kumenya ndizi una wajibu huo wote, ila kipimo chake ni kazi, na kazi ni kitu ambacho hata maskini anacho.

4. Kadi

Mwanza nako kulikuwa na kamati. Vijana hao walikuwa na nia njema na daftari lililopangwa vizuri. Waliandaa kadi za aina mbili: za kuombea mchango, zilizotangulia, na za mwaliko, zilizofuata. Kila kadi ya mwaliko iliandikwa jina la anayealikwa na kama ni “singo” au “dabo”, yaani kama anaingia peke yake au na mwenzake. Kwa wageni wa mbali utaratibu huo ulifaa sana. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mtu aliye Dar es Salaam anaweza kuchangia harusi ya Karagwe bila kupanda basi, na kamati ikajua asubuhi kilichoingia usiku.

Isitoshe, kamati ilikuwa na hoja ya chakula. Migomba ya Kagera imepata misukosuko, ukiwamo ugonjwa wa mnyauko uliobainika mkoani humo mwaka 2006, na si kila kibanja siku hizi kinaweza kulisha yeyote apitaye. Mwenye kununua mchele, nyama na soda kwa fedha za watu hana budi kujua idadi ya walaji. Kadi ni chombo cha kuhesabu, na kuhesabu si dhambi.

Kosa lilianza pale kamati ilipoamua kuwa, kwa ajili ya usawa, kila nyumba ipate kadi, majirani wakiwamo. Kadi zililetwa kwa basi hadi Kayanga, na kutoka hapo zikasambazwa kwa pikipiki katika alasiri moja. Hakuna aliyepitiwa. Kamati ilidhani imemheshimu kila mtu.

Miongoni mwa waliopata kadi alikuwa mama mmoja mjane, ambaye kibanja chake kinapakana na cha mzee. Yeye ndiye aliyempokea bwana harusi alipozaliwa, usiku wa mvua ambao haukuwa na njia ya kumfikisha mama yake hospitalini. Tangu alipojifunza kusema, kijana huyo alimwita Mama Mkubwa. Kadi ilimwita Bi., ikafuatisha majina yake mawili kama yalivyo katika daftari la kijiji, ikamtaja kuwa ni singo, na chini ikamkumbusha kuhusu mchango. Mjukuu wake, mwanafunzi wa shule ya msingi, ndiye aliyemsomea. Alipofika kwenye majina, mama huyo alimtaka ayarudie.

Watafiti wa istilahi za kuitana wanajua kuwa kubadili jina la kumwitia mtu ni kumhamisha mahali. Neno Bi. halina tusi ndani yake. Ofisini ni neno la adabu. Lakini kwa mwanamke aliyekuwa Mama Mkubwa kwa zaidi ya robo karne, lilikuwa ni kumtoa uani na kumketisha barazani.

5. Sufuria

Mchana wa kuamkia harusi, ndizi zilikuwa zimekwisha kukatwa na kulundikwa chini ya turubai. Wanawake walianza kuwasili na visu vyao. Mjane hakuonekana. Mke wa mzee alimtuma binti mmoja kumwulizia, akidhani labda anaumwa. Binti alirudi na jibu ambalo, likitafsiriwa kutoka Runyambo, lilikuwa hivi: “Mwambie mama yako kwamba mimi nimealikwa. Nitakuja kesho na kadi yangu. Mgeni hamenyi ndizi.”

Kiisimu, jibu hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Mama huyo hakulalamika, wala hakususa. Aliukubali mwaliko kama ulivyoandikwa na kuufuata hadi mwisho wa mantiki yake. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alifundisha kuwa kusema ni kutenda, na kwamba tendo la usemi hufaulu au hukwama kwa kutegemea nani anasema, kwa nani, na kwa utaratibu gani. Hapa tendo lilifaulu kupita kiasi. Kadi ilisema yeye ni mgeni, naye akawa mgeni.

Waliosikia jibu hilo walinyamaza. Mzee aliposimuliwa hakuuliza ni nani aliyeandika kadi. Alichukua fimbo yake akapita katikati ya migomba, katika kijia ambacho nyumba hizo mbili zimekikanyaga tangu wazazi wao walipokuwa hai. Alikaribishwa kigoda. Waliulizana habari za watoto, za mvua na za bei ya kahawa. Harusi haikutajwa. Kisha mzee akasema kwamba sufuria zilizoletwa na vijana wa mjini ni nyepesi, na kwamba alikuwa amekuja kuazima ile sufuria yake nzito.

Mjane aliinuka, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na sufuria kichwani na kisu mkononi. Ndani ya sufuria alikuwa ameiweka kadi. Mzee aliichukua akaitia mfukoni, nao wakaongozana.

Mwanafunzi wa pragmatiki ataona mara moja kilichotendeka. Ombi la kuazima lilitumika mahali pa mwaliko, na mahali pa radhi pia. Mtu haazimi sufuria kwa mgeni. Kwa kumwomba chombo, mzee alimrudishia mjane nafasi ya mwenye mji, na hakuna neno la samahani ambalo lingeweza kulifanya hilo bila kumlazimisha kila mmoja wao kulitaja kosa mbele ya mwenzake. Naye mjane, kwa kuirudisha kadi bila kusema kitu, alipokea radhi ambayo haikutamkwa.

6. Hitimisho

Ingekuwa vyema kumalizia hapo, lakini mambo hayakuishia hapo. Upande wa pili wa barabara alikuwapo jirani mwingine, mtu mkimya asiye na mifugo na mwenye migomba michache. Naye alikuwa amepata kadi. Mchango uliotajwa hakuwa nao, na alidhani kuwa bila mchango haingii. Hakuja kumenya, hakuja kubeba kuni, wala hakuja kula. Katika wingi wa watu hakuna aliyegundua. Mzee alikuja kulijua jambo hilo msimu wa kahawa uliofuata, alipoona mtu huyo anapita nje ya kibanja chake bila kugeuza uso. Kwake pia alikwenda na fimbo yake. Walizungumza, na salamu zikarudi, ila huyo hakuwa na sufuria ya kuazimwa, na harusi haifanywi mara mbili.

Insha hii haidai kwamba kadi iondolewe. Watoto wa Karagwe wametawanyika, na kadi, simu na makundi ya ujumbe ndivyo vinavyowakusanya. Hoja yake ni ndogo kuliko hiyo. Kiswahili kina kitenzi kimoja, alika, kwa matendo ambayo kijijini ni mawili yanayopingana: kumleta karibu aliye mbali, na kumweka mbali aliye karibu. Kamati inapokaa kuandika majina, yafaa daftari lake liwe na ukurasa mmoja wa wale ambao hawapelekewi kadi, na mbele ya kila jina katika ukurasa huo liandikwe la mtu atakayekwenda kwake kwa miguu, pamoja na kile atakachokwenda kuazima.