Sindano na Ng'ombe wa Kilombero

Basi liliiacha barabara ya Iringa pale Mikumi, likashika njia ya kusini, na baada ya Kidatu sikuwa na pa kutazama ila kulia, kwenye milima ya Udzungwa. Kushoto miwa, kulia msitu. Ifakara nilikuwa naijua kwa sifa mbili tu: mchele unaosifiwa katika masoko ya Dar es Salaam, na utafiti wa malaria, katika kituo kilichoanza miaka ya 1950, pale Mswisi Rudolf Geigy alipofungua maabara yake. Mimi nilifuata ng'ombe.

Nilikuwa nimesoma hoja ya watafiti wa nchi za baridi: kwamba damu ya ng'ombe wa maziwa ikipimwa serotonini, kemikali ya mwilini inayohusishwa na furaha, yawezekana kujua kama mnyama anaishi kwa raha au kwa dhiki. Hoja tamu. Tena ina deni la zamani, maana mwaka 1948 Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page walipoitenga serotonini huko Cleveland, Marekani, waliitoa kwenye damu ya ng'ombe. Nikataka kuiona hoja hiyo ikisimama mbele ya ng'ombe wa Bonde la Kilombero.

Asubuhi tulivuka Mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, mita 384 za zege mahali ambapo zamani watu na mizigo walingoja kivuko. Afisa mifugo aliyenichukua kwa pikipiki alikuwa na kazi yake, kupima ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, kwenye boma la mzee mmoja wa Kisukuma upande wa Minepa. Nikamwamkia mzee, akapokea, akauliza nimetoka wapi, kisha akageukia jambo lililomhusu.

"Daktari, huyu mweupe hacheui tangu jana."

Vijana wanne wakamtia kamba, wakamwangusha. Alijitupa, akakojoa, akahema kwa kishindo, macho yamemtoka. Tone moja la damu kutoka sikioni likapakwa kwenye kioo, basi. Hapo ndipo hoja niliyoisoma ilipoanza kunipwaya. Kotisoli, homoni ya taharuki, hupanda ndani ya dakika chache tangu mnyama ashikwe. Huko Ulaya ng'ombe amezoea kufungwa na kuguswa kila siku. Huyu wa Minepa kamba kwake ni simba. Ukimpima baada ya mieleka ile, kipimo kitakueleza habari za mieleka.

Serotonini nayo ina visa vyake. Sehemu kubwa kabisa ya ile ya mwilini hutengenezwa utumboni, kutokana na triptofani ya kwenye chakula. Ikiingia kwenye damu hubebwa na zile chembe ndogo za kugandisha damu, na haivuki kwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo anayedhani anapima furaha ya ng'ombe, huenda anapima tumbo lake. Zaidi ya hapo, damu ikiganda ndani ya kichupa, chembe zile huimwaga serotonini yao, na kiasi hupanda bila ng'ombe kubadilika chochote. Fikiria kichupa hicho kwenye pikipiki, saa sita mchana, njia ya vumbi, barafu imeshayeyuka.

Sisemi kazi hiyo ni bure. Laura Hernandez na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin wameonyesha kwamba serotonini ya kwenye kiwele husaidia kuitoa kalsiamu mifupani wakati ng'ombe anapozaa. Aliyewahi kumwona ng'ombe aliyelala chini kwa homa ya maziwa, inayoletwa na upungufu wa kalsiamu, shingo imepinda, hawezi kuinuka, atajua thamani ya elimu hiyo. Lakini hilo ni suala la uzazi na kalsiamu, na raha ya mnyama ni pana kuliko hapo.

Jioni, mjini Ifakara, mama mmoja alinionyesha ng'ombe wake chotara wa Friesian. Banda la bati, paa la chini, hakuna upepo. Ng'ombe amesimama, mdomo wazi, mate yanatiririka.

"Hivi ndivyo anavyoshinda, mwanangu. Halali mpaka usiku," alisema.

Ng'ombe wa maziwa mwenye nafasi nzuri hulala karibu nusu ya siku. Anayesimama kutwa kwenye joto anatafuta hewa ipite ubavuni. Mji huu uko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na unyevu wa bonde hauliachi jasho likauke. Zebu wa yule mzee, mwenye nundu na manyoya mafupi, anavumilia, lakini damu ya Friesian ni ya nchi za baridi. Kwa huyu sikuhitaji sindano. Nilihesabu pumzi ubavuni, na zikizidi 60 kwa dakika, joto limeshamwelemea.

Hukumu yangu ni hii. Mfugaji wa Kilombero aezeke banda kwa nyasi, aliinue, aweke maji yasiyokauka mchana, aogeshe dhidi ya kupe. Hayo yatamfaa ng'ombe kabla ya maabara yoyote. Na mtafiti atakayekuja na vichupa asitumie viwango vya Holstein na Jersey wa Marekani kumhukumu zebu wa Minepa. Aanze kwa kupima zebu wenye afya, waliozoeshwa kushikwa, ndipo atuambie namba zake zina maana gani hapa.