Nusu Kilo

Mzee aliyekuwa akishona magunia kwetu alifutwa kazi Ijumaa jioni kwa sababu ya nusu kilo. Hakuna aliyeiona hiyo nusu kilo. Ilitokea tu kwenye hesabu za mwisho wa mwezi: mahindi, pumba na dagaa vilivyoingia kiwandani vilizidi magunia yaliyotoka, kwa zaidi ya tani saba. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyegusa kila gunia mwisho, basi mwizi akawa yeye. Alikunja aproni, akaiweka juu ya cherehani, akaniambia, "Haya basi, kijana," akaenda.

Kihisi cha mizani ile nilikichagua mimi.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nitoke chuo, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chakula cha mifugo huko Industrial Area. Mizani ya kujazia magunia ilikuwa imekufa. Bosi alitaka kihisi kipya, na alitaka cha bei ya chini. Nilipata aina mbili: kimoja kinatoa ishara yake ikiwa changa hivyo hivyo, kingine kina amplifaya ndani ya mwili wake. Hicho cha pili kiligharimu karibu mara tatu. Nikajiambia, hayo ni mapambo bana. Kabati la mizani si lina amplifaya yake tayari?

Kihisi cha nguvu ni kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno, jicho halioni. Juu yake hugandishwa nyuzi nyembamba, na zikivutwa, ukinzani wake wa umeme hubadilika. Nyuzi nne huunganishwa kwa mpangilio uitwao daraja la Wheatstone, ambalo kwa kweli lilibuniwa na Samuel Hunter Christie mwaka 1833. Wheatstone alilieneza miaka 10 baadaye, na jina likamganda yeye. Sifa nazo hukosea mlango.

Sasa sikiza hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kununua. Kihisi changu kilikuwa cha kilo 100, kinatoa milivolti 2 kwa kila volti unayokilisha. Nilikilisha volti 10. Kwa hivyo mzigo kamili wa kilo 100 ulitoa milivolti 20, na gunia la kilo 50 likatoa 10. Kilo moja ni milivolti 0.2. Nusu kilo ni 0.1. Na huo mnong'ono nilikuwa nimeupitisha kwenye waya wa mita 15, kwenye trei moja na nyaya za mota ya kuchanganya chakula. Ni kama kumnong'onezea mtu siri ndani ya matatu yenye muziki.

Mbona hatukugundua? Kwa sababu mizani tuliirekebisha Jumapili, kiwanda kimelala. Tuliweka mawe ya kilo 20, namba zikasoma sawa kabisa, tukaenda zetu. Jumatatu mota ikiwashwa, mizani inasoma chini kwa nusu kilo, na mashine inaongezea chakula hadi ifike 50. Magunia 600 kwa siku. Wateja hawakulalamika. Nani hulalamikia nyongeza?

Ni shangazi yangu aliyenifumbua macho. Ana duka la chakula cha kuku Ruai na hupima kila gunia kabla ya kulifungua auze kwa kilo. "Magunia yenu yana baraka siku hizi," aliniambia kwenye simu. "Hili ni hamsini na nusu. La jana pia." Nilikaa chini. Kesho yake niliweka mawe yale yale kwenye mizani, nikaomba mota iwashwe, nikaangalia namba ikishuka.

Safari hii nilinunua kile cha bei. Amplifaya yake hukuza ishara pale pale chuma kinapopinda, kabla kelele hazijaifikia, kisha huituma kama mkondo wa miliampia 4 hadi 20. Mkondo haupungui kwa urefu wa waya. Na kwa kuwa mizani tupu ni 4, si 0, ukiona 0 unajua panya wamekula waya. Nilibaki na kilo 100. Muuzaji alitaka kuniuzia cha 500 "kwa usalama", lakini hapo gunia langu lingetumia miliampia 1.6 pekee kati ya 16. Sitakichagua kila mahali, lakini. Kando ya boila joto litaua hiyo elektroniki, na ikifa unatupa kihisi kizima. Silo ya miguu minne nayo, vihisi vya kawaida vikiunganishwa kwenye kisanduku kimoja vinatosha, mradi nyaya zikae mbali na mota.

Mzee nilimpata Gikomba, anasukuma mkokoteni. Nilimweleza yote, mota, waya, Jumapili. Alisikiliza akijifuta jasho.

"Hicho kipya ni pesa ngapi?"

Nikamwambia.

Alinyamaza kidogo. "Hiyo ni mishahara yangu miwili," akasema. "Andika hayo mambo kwa karatasi, injinia. Kule kanisani bado wananiangalia hivi hivi."

Niliandika kurasa mbili, nikachora hadi waya. Nakala moja nilimpelekea yeye. Nyingine iko kwa meza ya meneja tangu Jumanne, chini ya kikombe.