Walizunguka Dunia, Siku Moja Ikapotea

Ndugu msomaji, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini si kila asafiriye hujaliwa kurejea.

Mwezi Septemba 1519, merikebu tano za Magellan, Mreno aliyemtumikia mfalme wa Hispania, zilitweka tanga kuelekea magharibi. Zilikwenda kutafuta karafuu za visiwa vya Maluku. Mabaharia walizidi 230.

Ni merikebu moja tu, Victoria, iliyokamilisha mzunguko. Iliingia Hispania tarehe 6 Septemba 1522 chini ya nahodha Elcano, ikiwa na watu 18 waliodhoofu kwa njaa. Magellan mwenyewe aliuawa tarehe 27 Aprili 1521 kisiwani Mactan, Ufilipino, alipowashambulia wenyeji waliokataa kutiishwa.

Miongoni mwa hao 18 alikuwamo Mwitaliano Pigafetta, aliyeandika habari za safari siku baada ya siku. Walipotia nanga visiwa vya Cape Verde, hesabu yake ilisema Jumatano. Wenyeji wakasema Alhamisi. Wala hakukosea. Kwa kulifuata jua magharibi hadi kuizunguka dunia, walishuhudia macheo pungufu kwa moja kuliko waliobaki nyumbani.

Siku hiyo ilipatiwa maelezo, na karafuu zikapata wanunuzi. Lakini wenzao je? Mjini Seville manusura walikwenda kanisani pekupeku, mishumaa mikononi.

Basi msomaji, msafiri arudipo usimwulize tu kaleta nini. Mwulize pia kamwacha nani njiani.