Betri za Montreal

Marehemu baba aliacha sanduku moja la bati. Siku ya tatu baada ya mazishi, shangazi alinikabidhi ufunguo akaniambia nitoe hati za shamba kabla ndugu hawajatawanyika. Hati zilikuwepo, juu kabisa. Ila kilichonifanya nikae chini kilikuwa upande wa ndani wa kifuniko: picha ya gazeti, nyeusi na nyeupe, imebandikwa kwa uji. Kijana mwembamba anakata utepe, kifua mbele. Nyuma yake, hatua mbili hivi, Mzungu mrefu mwenye nywele ndefu. Maelezo ya chini yalikuwa yamekatwa na mkasi.

Ilinichoma, na sababu ninayo. Nilipokuwa kidato cha pili nilichaguliwa timu ya wilaya ya UMISSETA, mita 1,500. Baba alikataa. "Mbio hazina pensheni," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Nililia wiki nzima, nikasusa hata kula naye. Sasa kumbe mtu aliyeninyima mbio alikuwa amemficha mkimbiaji sandukuni miaka yote hiyo?

Nikaipiga picha kwa simu, nikaanza kuuliza mjini Karatu. Kijana wa bodaboda pale stendi aliitazama kidogo tu. "Dada, huyo si Mkenya?" Dereva wa utalii aliyekuwa akijaza mafuta ili awapeleke wageni kreta naye akasema Mkenya, tena kwa uhakika. Mzee mmoja muuza vitunguu akavaa miwani, akasema ni John Stephen Akhwari, yule wa Mbulu aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bandeji. Mzee alikosea, lakini yeye angalau alitafuta jibu hapa nyumbani.

Jibu lenyewe lilitoka kwa yule Mzungu. Nywele zile na fulana ile nyeusi ni za John Walker wa New Zealand, na picha za Walker akiwa nyuma ya mtu kwenye utepe si nyingi. Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Na aliye mbele ni Filbert Bayi. Amezaliwa mwaka 1953, hapa hapa Karatu, enzi hizo ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu.

Niseme ukweli: jina nililijua. Nililijua kama jina la shule, za Kimara na Kibaha. Kwamba mwenye jina alikimbia, nilisikiasikia. Kwamba alitoka kwenye vumbi hili jekundu nililokulia mimi, hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia, na baba alinyamaza.

Basi nikafuatilia. Mwaka 1972, Munich, Bayi alitolewa mapema. Januari 1973 akamshinda Kipchoge Keino mwenyewe mjini Lagos, kwenye Michezo ya Afrika. Halafu ikaja Christchurch. Desturi ya mita 1,500 ilikuwa kuviziana: mnakimbia kwa kundi, kila mmoja anamchungulia mwenzake, vita inaanza mzunguko wa mwisho. Bayi, kijana wa miaka 20, aliondoka na mlio wa bastola na hakumpisha mtu. Dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Walker alimkaribia mwishoni hadi chini ya nusu sekunde, naye pia akawa ameivunja rekodi ya zamani ya Jim Ryun. Muda ule wa Bayi ulibaki rekodi ya Michezo hiyo hadi mwaka 2022, pale Oliver Hoare wa Australia alipoushusha mjini Birmingham. Miaka 48!

Mei 1975, Kingston, Jamaika, akachukua na rekodi ya maili moja: dakika 3 na sekunde 51.0. Agosti mwaka huohuo Walker akaivunja. Dunia nzima ya riadha ikawa inasubiri Montreal 1976, wawili hawa wamalizane.

Hawakumalizana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, mwaka uleule watoto wa shule walipopigwa risasi Soweto. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ikakataa. Zaidi ya nchi 20 zikasusia, Tanzania ikiwemo. Walker akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, sekunde 7 nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Hilo halithibitishi kwamba Bayi angeshinda. Fainali za Olimpiki hukimbiwa kwa hesabu nyingine, na zipo habari kwamba alikuwa ametoka kuugua malaria. Lakini kushindwa nako ni haki ya mkimbiaji, na hata hiyo hakuipata.

Miaka minne baadaye, Moscow, aliingia mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Akaongoza vilevile, akawaacha mbali, mpaka Bronisław Malinowski wa Poland alipomfikia mzunguko wa mwisho. Fedha. Suleiman Nyambui naye akapata fedha ya mita 5,000. Medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kupata kwenye Olimpiki, hadi Paris 2024.

Nilipomaliza kusoma nilirudi kwa shangazi. Shikamoo, marahaba, chai. Nikamwonyesha picha.

"Aah, Bayi," akasema, bila hata kuvaa miwani. "Mwaka ule wa Montreal baba yako aliuza madebe mawili ya mahindi, akanunua betri mpya za redio. Betri mpya, mwanangu! Bibi yako akamgombeza. Hata hazijaanza kutumika, habari ikaja kwamba timu haiendi."

"Akasemaje?"

"Alisema Nyerere yuko sahihi. Akazitoa betri, akazifunga kwenye gazeti, akaenda kulima."

Nami naona Nyerere alikuwa sahihi. Siwezi kuweka mbio kwenye mizani na watoto wa Soweto. Ila gharama ya usahihi ule walilipa watu wachache sana, kwa miguu yao, na sisi wengine tukaisahau risiti. Nadhani baba hakusahau. Nadhani ile "mbio hazina pensheni" haikuwa dharau, ilikuwa woga wa mtu aliyewahi kusubiri. Bado natamani angeniambia mwenyewe, nikiwa na miaka 15, badala ya kuniachia ufunguo.

Juzi nilimkuta yule kijana wa bodaboda. Nikamwambia, "Siyo Mkenya. Ni wa hapa hapa Karatu."

Akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Huyu wa mbele?"

"Huyo wa mbele."